Fununu za Rununu

Katika miaka minne aliyosomea Kiswahili katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, kijana mmoja kutoka mtaa wa Langoni, Lamu, alikuwa na ada ambayo wenzake wa bwenini waliifanyia mzaha bila huruma. Mwezi wa Agosti ulipoingia, ambao ndio mkesha wa kuzinduliwa kwa simu nyingi mpya duniani, alijifunika blanketi, akakikodolea macho kiwambo kilichopasuka cha simu yake kuukuu, akasoma fununu hadi adhana ya alfajiri. Asubuhi, wenzake wakibishana kuhusu ngeli na viambishi, yeye alikuwa na habari za kamera ambayo haijaundwa, betri ambayo haijawahi kuchajiwa na kioo ambacho hakijawahi kuanguka. Mmoja wao alizoea kumwita Sheikh Yahya wa rununu. Hakukasirika. Alikuwa na sababu ya kusoma, na sababu hiyo ilikuwa bibi yake.

Desemba 2014, aliporudi nyumbani kwa likizo ya kwanza, bibi alimwita kibarazani. Mwanawe wa kike aliolewa Maskati miaka mingi iliyopita, na huko akapata watoto ambao bibi hakuwahi kuwatia machoni. Picha zao zilikuwa zikiingia katika simu za watu wengine mtaani. Jirani huja akamwonyesha, kisha akaondoka na simu yake, na picha zikaenda naye. Bibi alitaka simu yake mwenyewe ya kuonea picha. Alisema kwa Kiamu chake kisicho na haraka: "Mimi nataka kuwaona wana wa Maskati, na mato haya hayangoji." Kijana akambusu mkono, akaahidi. Wakati huo alikuwa na akiba ndogo iliyotosha kununua simu ya bei nafuu kutoka Barabara ya Luthuli. Hakununua. Alisema, "Ngojea kidogo, bibi, nzuri zaidi iko njiani."

Haifai kudhaniwa kwamba bibi hakuwa na simu. Alikuwa na mulika mwizi, na aliitumia kwa ustadi ambao mjukuu wake hajaufikia hadi leo. Jina hilo la mulika mwizi, ambalo hakuna kamati ya istilahi iliyolipendekeza, lilitolewa na wananchi wenyewe kwa zile simu ndogo zenye tochi kichwani, kizazi cha Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 250. Wataalamu walikuwa wakihangaika na rununu, simu tamba na simu ya kiganjani. Watu wa kawaida waliitazama simu, wakaona kazi yake ya usiku, wakaipa jina. Kwenye kitufe cha 5 cha simu kama hizo pana kinundu kidogo ambacho kidole hukihisi gizani. Bibi alikifanya kinundu hicho kuwa kitovu cha ukoo wake. Kushoto mwa kinundu, kwenye 4, alikuwa binti yake wa Maskati. Kulia, kwenye 6, mjukuu wa Nairobi. Juu, kwenye 2, jirani. Chini, kwenye 8, mwenye duka la unga. Akikibonyeza kitufe na kukishikilia, simu ilipiga yenyewe. Herufi na tarakimu zilikuwa zimefutika zote kwa kusuguliwa na kidole gumba, naye hakuzihitaji.

Kijana aliujua vyema ustadi huo, na hapo ndipo tamaa yake ya fununu ilipopata kisingizio cha heshima. Simu za kiwambo cha kugusa hazina kinundu. Tangu Apple ilipoitoa iPhone mwaka 2007 na kuviondoa vitufe karibu vyote, ulimwengu mzima uliifuata, na uso wa simu ukawa kioo kitupu ambacho kidole hakiwezi kukisoma. Bibi angeziona picha, lakini angeupoteza ukoo wake uliopangwa kuzunguka kinundu. Kijana aliitafuta simu ambayo ingempa vyote viwili, na fununu zilimwambia kwamba simu hiyo inakuja. Ilikuwa na jina: Ara.

Mradi wa Ara ulitangazwa Oktoba 2013 na Motorola, iliyokuwa mali ya Google wakati huo. Ulikuwa wa simu ya vipande. Mnunuzi angepata kiunzi, halafu angepachika kamera aitakayo, betri aitakayo, spika aitakayo, na kipande kikichakaa angekibadilisha bila kuitupa simu nzima. Ilisemwa kwamba simu ya kimsingi ingegharimu dola 50 hivi kuiunda. Kijana aliposoma habari hizo aliona mara moja kitu ambacho labda hakikuwaza mhandisi yeyote wa mradi: kipande chenye vitufe tisa na kinundu katikati, kikipachikwa chini ya kioo chenye picha za Maskati. Aliuchora mchoro wake nyuma ya daftari la fonolojia. Januari 2015 ikatangazwa kwamba simu ingejaribiwa kwanza Puerto Rico. Kufikia Agosti mwaka uo huo mpango huo ulikuwa umeachwa. Septemba 2016 mradi mzima ukafutwa. Mchoro ungali nyuma ya daftari.

Inafaa kutua kidogo juu ya jambo hili la fununu lenyewe, kwa kuwa wengi hulibeza kama porojo za watu wasio na kazi. Kiswahili kina msamiati mpana wa habari zisizo na hakika: uvumi, tetesi, minong'ono, fununu. Fununu ni ile habari inayofika kabla ya wakati wake, nusu yake ukweli. Ukichunguza fununu za simu utaona kwamba maunzi huvuja kwa urahisi kuliko programu, na sababu haina uchawi wowote. Maunzi ni vitu. Kioo hutoka kiwanda kimoja, kamera kingine, fremu kingine, na kila kinapopitia pana mikono na macho. Watengenezaji wa vifuniko vya simu ndio wenye pupa kuliko wote, maana wanataka kuwa na bidhaa dukani siku simu yenyewe inapofika. Mwaka 2011 pupa hiyo iliwaponza. Fununu zilivuma kwamba iPhone ijayo ingekuwa na umbo lililonyooshwa, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, na baadhi yao wakaunda vifuniko vya umbo hilo. Tarehe 4 Oktoba 2011 ikatangazwa iPhone 4S, sura ileile ya mwaka uliotangulia. Vifuniko vikabaki bila simu.

Wenye kungojea umbo jipya walinung'unika. Lakini ndani ya sura ileile kuukuu mlikuwamo Siri, programu iliyosikia sauti ya mtu na kumjibu. Wapenzi wa fununu walikuwa wakipima unene wa simu kwa milimita, na hilo badiliko kubwa wakaliona dogo. Programu haina umbo la kupigwa picha kiwandani. Isitoshe, Siri ilianza kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Simu ilipojifunza kusikia, ilisikia lugha hizo kwanza. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekuwa akisoma habari hizo alikuwa na haki ya kuuliza swali ambalo halikuulizwa katika fununu yoyote: zamu yetu lini?

Zipo nyakati ambapo programu ndiyo huyafichua maunzi. Julai 2017 Apple yenyewe ilitoa mapema, kwa bahati mbaya, programu ya spika yake iitwayo HomePod. Wadadisi wakaifungua, wakakuta ndani yake mchoro mdogo wa simu isiyo na kitufe cha chini pamoja na dokezo la kutambua uso wa mtu. Miezi michache baadaye ikaja iPhone X, na ikawa ndivyo. Kijana alifurahishwa sana na kisa hicho, kwa kuwa kazi ya wadadisi wale ilifanana na ya wanaisimu: wamepewa kiambishi kimoja, wakalijenga neno zima. Alimweleza mhadhiri wake. Mhadhiri alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza tasnifu yake imefika wapi.

Fununu hukosea wapi, basi? Mara nyingi hukosea kwa kuichukua kesho kuwa ni jana iliyotiwa rangi. Kabla ya Januari 2007, waliobuni michoro ya simu ya Apple walichora iPod yenye gurudumu lake, wakaongeza namba za kupiga. Steve Jobs mwenyewe alipokuwa akiizindua iPhone aliwatania watu kwa picha ya iPod iliyobandikwa gurudumu la simu ya kale. Na mwaka huohuo, Machi 2007, Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Hapakuwa na kioo kipya wala kamera mpya. Palikuwa na menyu fupi ndani ya kadi ya simu, iliyofanya kazi katika simu ya bei ya chini kabisa. Waliokuwa wakiagua simu za kesho huko California hawakuagua kwamba bibi mmoja wa Langoni angepokea fedha za unga kupitia kifaa chenye tochi. Mulika mwizi ikawa benki pasipo kubadilika hata msumari mmoja. Ikiwa kuna funzo la ufundi hapo, kijana alilijua. Alikuwa amelijadili darasani na kulipata swali hilo katika mtihani. Hata hivyo, alipofika bwenini alirudi kusoma kuhusu kamera.

Akiba yake ya 2014 ilikwisha kwa karo na chakula. Ya 2016 ilitosha tena, na tena akangojea. Safari hii sababu ilikuwa sauti. Agosti 2017 Google iliongeza lugha 30 katika huduma yake ya kuandika kwa sauti, na Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania kikawa miongoni mwazo. Hii haikuwa fununu tena, na furaha ya kijana haikuwa na mfano. Kama simu inasikia Kiswahili, kinundu cha nini? Bibi atasema, nayo itapiga. Bali, akawaza, hiyo ni huduma changa. Kuna simu zinazokuja zenye chipu maalumu za kuelewa lugha, na mwaka ujao zitakuwa nyepesi, na mwaka unaofuata zitakuwa nafuu. Mwenye kusoma fununu hakosi kamwe sababu ya kungojea, kwa maana simu iliyopo dukani ina kasoro zinazojulikana, na ile isiyokuwapo haina hata moja.

Mtoto wa jicho hakungojea. Mwaka 2016 bibi alikuwa akisogeza picha karibu na pua. Mwaka 2017 alikuwa akizigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Alishauriwa apasuliwe, akakataa kisu kwa maneno ambayo hayakuacha nafasi ya mjadala. Barua na simu kutoka nyumbani zilimfahamisha kijana mambo haya kidogo kidogo, nusu kwa nusu, kama fununu. Hizi hakuzifuatilia hadi usiku wa manane.

Alinunua simu Aprili 2019, kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu. Mwezi huo dunia ilikuwa ikizungumzia simu ya kukunjwa ya Samsung, ambayo fununu zake zilianza tangu kampuni hiyo ilipoonyesha kioo chenye kupindika Januari 2013. Baada ya miaka sita ya kungojewa, simu hiyo ya karibu dola 2,000 ilikabidhiwa wakaguzi, na viwambo vya baadhi yao vikaharibika kwa siku chache. Uzinduzi ukaahirishwa hadi Septemba. Kijana alisoma habari hizo ndani ya basi la kwenda Mokowe, akiwa na kisanduku cha simu ya kawaida kabisa mapajani, yenye kioo kipana na rangi ang'avu. Alikuwa amezipanga humo picha zote za Maskati, tangu watoto wakiwa wachanga hadi mkubwa wao akiwa na sare ya shule ya upili.

Bibi aliishika simu kwa mikono miwili. Akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma, akatafuta kinundu, asikione. Kijana alimfungulia picha ya kwanza, akaikuza hadi uso wa mtoto ukajaa kiwambo. Bibi akasema anaona mwanga. Akauliza mwanga ule ni nani.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Kijana, kwa kukosa la kusema, akaanza kumweleza kila picha: huyu amevaa kanzu, huyu ana mwanya kama wa babu, huyu analia. Bibi alitikisa kichwa kwa kila moja na kumtaka arudie ile ya mwanya.

Baadaye, walipokuwa wakinywa kahawa, kijana alimwonyesha namna ya kuiambia simu iandike. Hapo yakazuka mambo ambayo hakuna fununu iliyomwandaa kwayo. Bibi alisema kwamba mato yake yanamuuma. Simu ikaandika moto. Akarudia, polepole, kama anayezungumza na mgeni. Simu ikasisitiza kuwa ni moto. Akataja ndia ya kwenda msikitini, na simu ikaandika neno ambalo halipo katika lugha yoyote ya binadamu. Bibi hakukasirika. Aliuliza tu: "Hiyo yatoka Unguja?"

Swali hilo lilikuwa na elimu zaidi kuliko alivyokusudia mwenyewe. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikauendeleza usanifishaji huo katika vitabu na kamusi. Programu ya kusikia sauti hujifunza kwa kulishwa maandishi na sauti nyingi, na maandishi mengi ya Kiswahili ni ya hicho kilichosanifishwa. Inaposikia mato hukisia neno lililo karibu ambalo imekutana nalo mara nyingi, nalo ni moto. Kwa hiyo uamuzi wa 1928 umo ndani ya simu, na mhandisi aliyeiunda huenda hajawahi kuusikia. Lahaja za kaskazini ambazo Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, ambazo wanafunzi wa fasihi huzichambua kwa jasho na kuzitolea alama, hazikuwa na masikio ya kuzisikia ndani ya kifaa kile. Watu wa Amu wangali wanazisema sokoni.

Si lahaja pekee. Lugha yenyewe ina maumbile ambayo wabunifu wa simu, wengi wao wakiwa wamelelewa na Kiingereza, hawakuyatarajia. Programu za kwanza za kukisia maneno zilitegemea orodha: mwandishi akianza herufi chache, simu hutafuta neno lililomo. Kwa Kiswahili orodha huzama upesi. Neno atakapokupigia ni kishazi kizima chenye mofimu saba, na mzizi mmoja wa kitenzi unaweza kuzaa maumbo kwa maelfu. Kila aliyewahi kuandika arafa ya Kiswahili katika simu inayojisahihisha kwa Kiingereza anajua fedheha yake. Wapo wataalamu walioiona kazi hii mapema. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kuunda mfumo wa tarakilishi wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili. Idara zetu zina wanafunzi wanaoweza kukata neno hilo vipande saba wakiwa wamefumba macho, lakini mara chache huambiwa kwamba ujuzi huo ni malighafi ya simu ijayo.

Kijana alianza kujishughulisha na upande huo. Kuanzia mwaka 2021, mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla ulipokuwa ukikusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wa kawaida ili zitumike na yeyote, alikaa jioni nyingi akizisoma sentensi mbele ya kipaza sauti. Sentensi alizopewa zilikuwa za Kiswahili sanifu. Alizisoma kwa lafudhi ya nyumbani, bila kuificha.

Fununu hakuziacha kabisa, ila sasa anazisoma kwa namna nyingine. Juni 2024 Apple ilipoonyesha Siri mpya ambayo ingeelewa mambo binafsi ya mwenye simu, na simu zikauzwa kwa matangazo ya uwezo huo, kisha Machi 2025 ikakiri kwamba uwezo wenyewe umechelewa, wengi walishangaa. Yeye alitabasamu kidogo: kumbe mtengenezaji naye anaweza kuwa mwenye fununu. Habari za kamera huziruka. Hutafuta orodha ya lugha, ambayo kwa kawaida imewekwa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.

Bibi angali na simu zote mbili. Mulika mwizi hulala chini ya mto, kinundu kikiwa mahali pake na ukoo ukiwa umekizunguka. Ile ya kioo hukaa rafuni, na msichana wa jirani huiteremsha jioni, akamwekea bibi sehemu ya kusemea karibu na kinywa. Karibu kila arafa inayotoka humo huwa na kituko, na kijana amezihifadhi zote.

Juzi alikuwa kwenye kikao cha walimu simu ilipotetema mezani. Ujumbe ulikuwa wa neno moja: Ndoo. Mwenzake aliyeketi kando, mtu wa bara, alilisoma kwa kuchungulia, akanong'ona, "Ndoo ya nini?"

Simu nayo, bila shaka, ilifikiri ni ndoo ya maji. Kijana alijiombea ruhusa, akatoka, na jioni hiyo akakata tiketi ya basi la Mokowe.